Mashine na mwendo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye mashine za kusaga, boti na pikipiki Mwanza

Majibu haya ni kwa mwenye mashine ya kusaga Buswelu au Nyakato, mvuvi wa Mwaloni Kirumba, dereva wa bodaboda, na kijana anayeanza ufundi. Hesabu nyingi zilizomo ni za kuzidisha na kugawanya. Kikokotoo cha simu kinatosha. Vipimo vya puli na mikanda tumeviacha kwa inchi mahali ambapo duka la vipuri nalo huuza kwa inchi.

Mashine ni nini? Toroli nalo ni mashine?

Ndiyo. Mashine ni kitu chochote kinachopokea nguvu upande mmoja na kuitoa upande wa pili ikiwa imebadilika ukubwa, mwelekeo au mwendo. Nyenzo, kabari ya kupasulia kuni, ubao wa mteremko wa kupandishia magunia kwenye gari, skrubu, kapi, gurudumu na ekseli yake: hizo huitwa mashine rahisi. Cherehani, kinu cha kusaga na injini ya boti ni mashine rahisi nyingi zilizounganishwa.

Hakuna hata moja inayotoa nguvu ya bure. Ukipata nguvu mara tatu, utavuta kamba mara tatu ya umbali, au shafti itazunguka polepole mara tatu. Mtu anayekuuzia kifaa cha "kuongeza nguvu" bila kupunguza mwendo, mwulize nguvu hiyo inatoka wapi.

Nguvu, kazi na pawa vinatofautianaje?

Nguvu ni msukumo au mvuto, hupimwa kwa newtoni. Mzigo wa kilo 1 ukining'inia huvuta kwa newtoni 9.8. Kazi ni nguvu mara umbali, hupimwa kwa jouli. Pawa ni kazi inayofanyika kila sekunde, hupimwa kwa wati.

Kunyanyua gunia la kilo 100 hadi kimo cha mita 1 ni kazi ya jouli 980, uwe na haraka au usiwe nayo. Ukitaka lipande kwa sekunde 1 unahitaji wati 980. Ukiridhika lipande kwa dakika nzima, wati 16 zinatosha. Kwa hiyo mota ndogo yenye gia za kutosha huinua mzigo mzito sana, ila kwa kujivuta. HP 1 (nguvu ya farasi, kipimo kingine cha pawa) ni wati 746. Injini nyingi za Japani huandikwa PS, ambayo ni wati 735. Tofauti hiyo isikusumbue.

Kibati cha injini kimeandikwa HP 20, mbona kazini haifiki?

Sababu ya kwanza ni mahali tulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) huvuta hewa pungufu, hivyo hesabu hasara ya kama sehemu moja ya kumi: HP 20 inabaki 18. Kumwambia fundi aongeze dizeli kwenye pampu hakurudishi kilichopotea. Dizeli isiyopata hewa ya kuiunguza hutoka kama moshi mweusi, huacha masizi kwenye pistoni na kupandisha joto.

Sababu ya pili ni kibati chenyewe. Injini nyingi ndogo za dizeli zina pawa mbili, ya saa 1 na ya saa 12. Ile ya saa 1 ni kubwa zaidi, na ndiyo muuzaji anayopenda kuitaja. Mashine ya kusaga inafanya kazi tangu asubuhi, basi inunuliwe kwa pawa ya saa 12. Mwisho, mkanda nao hula kama asilimia 5 hata ukiwa umefungwa vizuri, na zaidi ya hapo ukiwa unateleza.

Toki ni nini?

Ni nguvu ya kuzungusha: nguvu mara umbali wake kutoka katikati ya shafti. Ukikandamiza mwisho wa spana ya sentimita 20 kwa newtoni 200, nati inapata newtoni-mita 40. Kwa injini, kanuni ni hii:

Toki = pawa kwa kilowati × 9,550 ÷ mizunguko kwa dakika

HP 20 ni kilowati 14.9. Kwa mizunguko 2,200 kwa dakika, toki ni kama newtoni-mita 65. Ukipunguza mzunguko mara nne kwa puli au gia, shafti ya pili itazunguka 550 na toki itakuwa kama 260, kabla ya kutoa hasara ya msuguano. Pawa haikuongezeka; imegawanywa upya tu kati ya toki na mzunguko.

Daraja la kwanza, la pili na la tatu la nyenzo maana yake nini?

Nyenzo ina egemeo (mahali inapoegemea), mzigo, na jitihada (nguvu unayotia wewe). Tazama kilichoko katikati. Egemeo likiwa katikati ni daraja la kwanza: mkasi, mtaimbo uliowekewa kijiwe chini. Mzigo ukiwa katikati ni la pili: toroli. Jitihada ikiwa katikati ni la tatu: fimbo ya kuvulia kwa ndoana, ambayo haikupi nguvu bali inakuza mwendo wa mkono.

Kwa toroli, weka mzigo karibu na gurudumu. Kilo 60 zikiwa sentimita 40 kutoka kwenye ekseli, na mikono ikishika sentimita 120, unabeba 60 × 40 ÷ 120, yaani kilo 20. Zikisogea hadi sentimita 60, unabeba 30.

Tunavuta mtumbwi ufukweni watu wengi na bado hausogei. Kapi zitasaidia?

Zitasaidia, lakini anza na msuguano. Chukua mtumbwi wa kilo 400 kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 8. Kuupandisha tu kunahitaji 400 ÷ 8, kilo 50. Msuguano wa mbao juu ya mchanga, tukiuchukulia kuwa sehemu 0.4 ya uzito, unaongeza kilo 160. Jumla ni kilo 210, na robo tatu yake ni msuguano. Magogo ya mviringo chini ya mkuku (uti wa chini wa mtumbwi) huondoa sehemu kubwa ya hizo 160. Kapi hazipunguzi hata moja, zinagawanya tu mzigo.

Ukishaweka magogo, ndipo ufunge kapi. Hesabu kamba zinazovuta kapi inayotembea pamoja na mtumbwi: zikiwa tatu, nguvu ya mikono yenu imezidishwa mara tatu na mtavuta mita 3 za kamba kwa kila mita 1 ya mtumbwi. Kila gurudumu la kapi kuukuu hula kama asilimia 10, hivyo zaidi ya kamba nne au tano faida inaliwa na msuguano wa kapi zenyewe. Lainisha ekseli za kapi kwa grisi.

Mwanza haina uhaba wa mawe ya kufungia, ila jiwe liwe limeshikana na mwamba, si lile lililolala juu ya udongo. Kona ya mwamba hukata kamba. Zungushia kipande cha tairi kwanza. Mtu asisimame kwenye mstari wa kamba iliyokazwa, wala ndani ya kona inayopinda, kwa sababu ikikatika hurudi kwa kasi ambayo hakuna anayeweza kuikwepa.

Nitajuaje mashine yangu ya kusaga itazunguka mara ngapi?

Kipenyo cha puli ya injini × mizunguko ya injini = kipenyo cha puli ya kinu × mizunguko ya kinu.

Injini ya mizunguko 2,200 yenye puli ya inchi 8, na kinu chenye puli ya inchi 5: 2,200 × 8 ÷ 5 = 3,520 kwa dakika. Kwa mota ya umeme soma kibati chake. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota nyingi huzunguka karibu 1,440 au karibu 2,880 zikiwa na mzigo. Ukitoa injini ya dizeli na kuweka mota bila kubadili puli, kasi ya kinu itabadilika kabisa. Wapo wanaolaumu chekeche kwa unga mkubwa kumbe kinu kinazunguka polepole.

Nikiweka puli ndogo zaidi kwenye kinu, si kitasaga haraka?

Usifanye hivyo kabla ya kusoma kasi ya juu iliyoandikwa kwenye kinu. Nguvu inayovuta nyundo (vyuma vinavyozunguka ndani ya kinu na kuponda nafaka) kwenda nje hukua kwa mraba wa mzunguko. Nyundo ya gramu 500 yenye uzito wake sentimita 18 kutoka katikati, kwa mizunguko 3,520, huvutwa kwa newtoni 12,200 hivi, sawa na uzito wa karibu kilo 1,250 ukining'inia kwenye pini moja. Puli ya inchi 4 badala ya 5 itafikisha mizunguko 4,400, na pini hiyo hiyo itabeba karibu kilo 1,950. Mzunguko umeongezeka kwa robo, mzigo kwa zaidi ya nusu. Pini ikikatika, nyundo hutoboa bati la kinu.

Pia kinu kinachozungushwa zaidi hudai pawa zaidi. Injini ikilemewa mizunguko hushuka, na faida uliyoitafuta inapotea pamoja na dizeli.

Nyundo zibadilishwe zote kwa pamoja au kwa jozi zinazokabiliana, zikiwa zimepimwa kwenye mizani. Gramu 20 za tofauti, kwa kasi hiyo ya 3,520, ni nguvu ya karibu newtoni 490 inayotikisa shafti upande mmoja mara 59 kila sekunde. Beringi haziwezi kuvumilia hali hiyo.

Mkanda wa A, B na C vina tofauti gani, na namba yake inasema nini?

Herufi ni upana wa juu na unene: A ni milimita 13 kwa 8, B ni 17 kwa 11, C ni 22 kwa 14. Namba ni urefu wa ndani kwa inchi. B66 ina inchi 66 kwa ndani.

Kupata urefu: zidisha mara mbili umbali kati ya vituo vya puli, ongeza jumla ya vipenyo mara 1.57. Puli za inchi 8 na 5 zilizo umbali wa inchi 24: 48 + 20.4 = 68.4. Huo ni urefu wa mgongoni. Kwa mkanda wa B toa kama inchi 2.7 upate wa ndani. Nunua B66, na hakikisha injini ina nafasi ya kusogezwa mbele na nyuma.

Kila aina ina puli ndogo kabisa inayoivumilia: A milimita 75, B milimita 125, C milimita 200. Mkanda wa B kwenye puli ya inchi 4 unakunjwa kupita kiasi, unapata joto na kupasuka tumboni. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia puli ndogo.

Kwa nini mkanda unateleza, unalia au unakatika mapema?

Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ukiona chini ya mfereji wa puli panang'aa, mkanda umekaa chini: ama mfereji umelika, ama mkanda ni mwembamba kuliko puli. Kuukaza hakutasaidia. Badilisha kilicholika.

Kiasi cha kukaza: bonyeza katikati ya mkanda kati ya puli mbili. Uzame kama milimita 16 kwa kila mita ya umbali huo, hivyo kwa sentimita 60 ni milimita 10 hivi. Uliolegea unateleza, unanuka mpira ulioungua na kung'aa mbavuni. Uliokazwa mno hautoi sauti yoyote, na ndiyo maana watu wanaupenda, lakini unavuta shafti na kuua beringi ya upande wa puli. Mkanda mpya hunyooka. Ukaze tena baada ya siku ya kwanza au ya pili ya kazi.

Puli zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mkanda hulika ubavu mmoja. Nyoosha uzi kugusa nyuso za puli zote mbili: uguse sehemu nne, mbili kwa kila puli, bila mwanya. Kama unatumia mikanda mitatu, inunuliwe pamoja na kubadilishwa pamoja, kwani mpya mmoja kati ya chakavu wawili utabeba mzigo wote. Usipake oili wala sabuni kunyamazisha kelele.

Beringi imeandikwa 6205 2RS. Nisomeje?

6 ni beringi ya gololi yenye mfereji mmoja wa kina. 2 ni ukubwa wa mwili wake. Mahali pa hiyo 2 pakiwa na 3, beringi ni nene zaidi kwa tundu lile lile. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate tundu: 05 ni milimita 25. Kanuni hiyo huanzia 04. Chini yake 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Kwa hiyo 6205 ni 25 × 52 × 15, na 6305 ni 25 × 62 × 17. 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina bati. C3 ina uwazi mkubwa kidogo ndani, inafaa panapopata joto. Kwenye vumbi la unga au maji ya boti, chukua 2RS.

Beringi nyingi hufa siku ya kufungwa. Ukiingiza kwenye shafti, sukuma pete ya ndani tu. Ukiingiza kwenye nyumba yake, sukuma ya nje tu. Ukigonga pete isiyo sahihi, pigo hupitia kwenye gololi na kuacha vishimo ambavyo baadaye vitavuma. Isiyo na mpira, ikikaza, ipashe kwenye oili hadi nyuzi 80 hadi 100. Zaidi ya 120 chuma hupoteza ugumu, hivyo moto wa gesi usiikaribie. Grisi ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi. Nyumba iliyojazwa pomoni huchemka.

Kii ya shafti inakatika kila mara. Niweke ya chuma kigumu?

Hapana. Kii, kipande kidogo cha chuma kinachoshikisha puli kwenye shafti, imetengenezwa iwe laini kuliko shafti ili yenyewe ndiyo ife. Ukiweka kipande cha patasi, kitakachopasuka ni mfereji wa shafti. Kwa shafti ya kati ya milimita 22 na 30, kii ya kawaida ni milimita 8 kwa 7. Ikikatika mara kwa mara, angalia kama puli inacheza kwenye shafti, kama skrubu yake imelegea, au kama unawasha mashine ikiwa na mahindi ndani.

Flaiwili ina kazi gani?

Injini ya mipigo minne yenye silinda moja huungua mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Mipigo mitatu iliyobaki pistoni inakula nguvu, haitoi. Flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki, huhifadhi mwendo wa pigo moja na kuupitisha hadi lijalo. Krenki nayo hugeuza mwendo wa kwenda na kurudi wa pistoni kuwa wa mzunguko, na safari ya pistoni ni mara mbili ya urefu wa mkono wa krenki.

Pikipiki yangu inabeba mizigo milimani. Nibadilishe sproketi ipi?

Sproketi ni gurudumu la meno linaloshika mnyororo. Uwiano ni meno ya nyuma ÷ meno ya mbele: 42 kwa 14 ni 3. Ukiweka 13 mbele, uwiano ni 3.23, mvuto unaongezeka kwa karibu asilimia 8 na kasi ya juu inapungua kiasi kile kile. Kwa anayepanda Bugando na abiria wawili ni badiliko la maana. Kwa anayekimbia barabara ya Shinyanga ni hasara. Jino moja la mbele hufanya kazi ya karibu matatu ya nyuma.

Mnyororo wa 428 una hatua (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 12.7. Pima hatua 20: mpya ni milimita 254. Ukifika 259 badilisha, pamoja na sproketi zote mbili. Mnyororo mpya kwenye meno yaliyochongoka haudumu.

Namba mbili kwenye propela ni za nini?

Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni hatua: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Hatua ya inchi 10, injini kwenye mizunguko 5,000 na gia ya 2.08 (injini huzunguka mara 2.08 propela ikizunguka mara moja), inatoa kilomita 36 hivi kwa saa kwa nadharia. Mtumbwi mzito unaweza kupoteza zaidi ya asilimia 40 ya hiyo kwa utelezi.

Kipimo cha propela sahihi ni mizunguko. Ukiwa na mzigo wa kawaida na mafuta yote, injini ifike ndani ya kiwango cha kitabu chake. Isipofika, punguza hatua. Kila inchi 1 hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi. Injini inayozidiwa na propela kubwa huchemka hata kama maji ya kupoozea yanatoka. Na hayo maji yakipungua, zima na toa gugu maji kwenye matundu ya kuingizia.

Nikiongeza HP, mtumbwi utakimbia zaidi?

Mtumbwi mzito usionyanyuka juu ya maji una kikomo kinachotokana na urefu wake. Kwa makadirio, kilomita kwa saa ni 4.5 mara kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu iliyo majini kwa mita: mita 9 zinatoa 13.5. Ukifika hapo, HP za ziada zinajenga mawimbi na kumaliza petroli. Pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye propela sahihi na makoti ya kuokolea maisha.

Mashine inatetemeka. Nianzie wapi?

Boliti za msingi kwanza, kisha mstari wa puli, kisha mikanda, kisha uzito wa nyundo. Ondoa mikanda uzungushe kinu kwa mkono: kikikwaruza ni beringi. Kikiwa laini, washa injini peke yake. Kama bado inatetemeka, tatizo liko kwake.

Je, kinga ya mkanda ni lazima?

Ndiyo. Puli ya inchi 8 kwa mizunguko 2,200 hukimbiza mkanda mita 23 kila sekunde, sawa na kilomita 84 kwa saa. Khanga ikishikwa, anayeivaa hana muda wa kuivua. Weka wavu wa chuma wenye matundu ambayo kidole hakipiti, ufunge pande zote mbili, na usikaze wala kusogeza mkanda kabla flaiwili haijasimama kabisa.